Uso wa Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi, kabla studio haijafunguliwa kwa wateja, Brashi alikaa kwenye stuli mbele ya pazia la buluu, akakunja mikono mapajani, na Mzee Flashi akampiga picha moja. Msidhani ni picha ya mapenzi. Ilikuwa picha ya kupimia taa. Taa mbili za studio zilikuwa kuukuu, moja ikizidi kumeta na nyingine ikisinzia, na mzee hakuwa na imani nazo mpaka aone zimeangukaje kwenye uso wa mtu. Uso uliokuwa karibu kila Jumatatu ni wa Brashi, basi ukawa huo.

Mzee Flashi ndiye mwenye studio, mtu wa miaka sitini na ushei, goti bovu, mdomo mzima. Brashi alikuwa na miaka ishirini na minne, na jina hilo alilipata kwa kazi yake. Kule nyuma ya kiambaza cha mbao ndiko alikokaa na kompyuta, akipitisha brashi ya kwenye skrini juu ya sura za watu. Unakuja kupiga picha ya kitambulisho na kipele kimechomoza puani asubuhi hiyohiyo? Usijali, Brashi anakitoa usikumbuke kama kilikuwepo. Mzee alimpa sheria moja tu: kisichomaliza mwezi usoni kitoe, kinachokaa kiache. Chunusi ni mgeni, kovu na baka ni wenyeji.

Sasa yeye mwenyewe, maskini, wageni walimjia akiwa na miaka kumi na minne na wakakataa kuondoka. Paji la uso, mashavu, kidevu, hakuna walipobagua. Darasani walimwita Mahindi. Tangu hapo akagombana na vioo. Nyumbani kioo kilikuwa chumbani kwa mama yake, naye hakuingia. Kioo cha wateja pale mlangoni alikipita kwa ubavu kama mtu anayemkwepa mdai. Alinawa uso kwa kupapasa, akachana nywele kwa kukisia, akakaa nyuma ya kiambaza chake miaka minne mizima. Mteja akiuliza nani kamfanyia kazi nzuri hivi, mzee alionyesha kiambaza kwa kidole, na kiambaza kikasema "asante."

Miezi mitatu na nusu kabla ya haya ninayowasimulia, mama yake alimburuta mpaka kwa daktari wa ngozi. Nasema alimburuta kwa sababu hakwenda kwa hiari. Miaka miwili nyuma mama mmoja wa vipodozi sokoni alimuuzia krimu kwenye kopo lisilo na jina wala anwani, likambabua mashavu wiki tatu, na toka siku hiyo hakutaka kusikia habari ya dawa. Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti kama anakemea, akampa sabuni ya kunawia asubuhi na tyubu ya jeli ya kupaka jioni. Akamwambia, "Mwanzoni zitachachamaa. Usitishike. Usiziguse. Hii dawa ni ya polepole, ihesabie miezi. Mwezi wa tatu ukiisha urudi nikuone, na usiiache kabla hujaniona. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, dokta," alisema Brashi.

Basi akaanza kupaka. Na kwa kuwa kioo ni adui yake, akaamua kujipima kwa picha ya Jumatatu. Kila mara mzee alipomaliza kupima taa zake, Brashi aliiingiza picha kwenye kompyuta, akaihamishia kwenye simu na kuandika chini yake: wiki ya kwanza, wiki ya pili. Wiki ya tatu ilikuwa balaa tupu, zimechachamaa kama alivyoambiwa. Wiki ya tano, jamani! Uso umetulia. Wiki ya nane, laini kama ganda la yai.

Siku hiyo alimkimbilia mama yake jikoni. "Mama, zimekwisha! Hebu ona."

Mama yake alikuwa fundi wa kushona, mwanamke anayeweza kukuambia kiuno chako kimeongezeka bila kutoa futi. Aliifuta mikono, akaishika simu, akaitazama picha. Kisha akamtazama mwanawe. Akairudia picha.

"Haya," akasema. "Mungu mkubwa."

Akarudi kwenye sufuria yake.

Kwa kweli vidole vya Brashi vilikuwa vinakwaruzika kidogo jioni alipokuwa anapaka dawa, hapa kidevuni na hapa chini ya taya. Lakini picha ilisema safi, naye akaamini picha. Angeaminije kingine mtu aliyekula kwa picha miaka minne? Mwezi wa tatu ulipokwisha hakurudi kwa daktari. Akafanye nini hospitali na uso uliopona?

Na uso uliopona ukamfanya apate kichwa. Mzee Flashi alikuwa amepata kazi ya mahafali ya chuo cha wauguzi, wahitimu sitini na wazazi wao, Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi, na goti lake likagoma katakata. "Wewe kamera unaijua kuliko mimi," alimwambia Brashi. "Utaweza kusimama mbele ya watu ukawapanga, ukawapigia kelele?"

"Nitaweza, mzee," alisema Brashi, na yeye mwenyewe akashangaa ni nani kajibu. Wiki nzima alitembea kama aliyeokota dhahabu. Alikuwa ameitamani kazi ile tangu siku ya kwanza alipoingia studio. Hakuwahi kuiomba kwa sababu ya uso, basi.

Ijumaa kompyuta ikafa. Iliwaka, ikaguna, ikazima. Fundi wa kompyuta akaja, akaifungua, akatikisa kichwa jinsi mafundi wote wanavyotikisa, akasema itabidi kila kitu kifutwe na programu ziwekwe upya. Zikawekwa. Jumatatu ya wiki ya kumi na tano Brashi akakaa kwenye stuli, mzee akapima taa, picha ikaingizwa kwenye kompyuta iliyopangwa upya, na Brashi akaifungua.

Loo! Kidevuni chunusi sita. Chini ya taya nyingine nne. Paji la uso lina vidoadoa, na mashavu yana alama za rangi ya chai. Aliikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena. Akafungua simu na kuangalia wiki ya kumi na nne: ganda la yai. Siku saba tu!

"Imeacha kufanya kazi," alijisemea, na machozi yakamjaa. "Dawa imechoka. Mwili umeizoea."

Ungemwona alivyofanya kazi siku ile ungemhurumia. Kila sura iliyoingia kwenye skrini ilikuja na vipele vyake, akavitoa kimoja kimoja kwa mkono, kazi ikamwelemea kuliko siku zote, wala hakujiuliza kwa nini. Jioni alifika nyumbani, akachukua tyubu ya dawa, akaitupa kwenye ndoo ya taka pamoja na maganda. Kisha akamwandikia ujumbe yule mama wa vipodozi: niwekee kopo moja, nitapitia Ijumaa. Ndiyo, yuleyule aliyembabua. Mtu aliyekata tamaa hana akili, na mimi simtetei.

Jumanne alimwambia mzee kwamba Jumamosi hataweza.

"Una homa?" aliuliza Mzee Flashi.

"Sina."

"Umefiwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi hutaweza nini?"

Brashi akaonyesha uso wake kwa mkono, kama mtu anayeonyesha nyumba iliyoungua. Mzee akasogeza miwani, akainama, akamkagua chini ya taa.

"Uso wako ni uleule wa wiki iliyopita," akasema. "Tena ukiniuliza mimi, ni afadhali sana kuliko ulivyokuwa wakati ule wa baridi."

"Unanifariji tu, mzee."

"Mimi? Nimfariji nani na goti hili?" Akakaa chini kwa kishindo. "Sikiliza, binti. Nangoja mpaka kesho jioni. Ukikataa nampigia yule mpiga mayowe wa studio ya ng'ambo ya barabara, achukue mahafali, na akichukua mara moja ndio imetoka, chuo hakitarudi kwetu. Nawe utabaki na kiambaza chako. Sikulazimishi."

Hakumlazimisha kweli. Alinuna tu, na mzee akinuna studio nzima inajua.

Jumatano mchana akaja karani mmoja wa ofisi ya ardhi, mtu mnene wa kupenda haki zake. Mkononi alikuwa na picha ya pasipoti aliyopiga hapo mwezi uliopita, na nyingine aliyopiga juzi Jumatatu.

"Nielezeni," alisema, akizibandika zote mbili kaunta. "Hii ya zamani mmenitoa kijana. Hii ya juzi mmenitoa na vipele vyangu vyote shingoni, hata vile ambavyo mke wangu havijui. Nataka nakala sita za ile ya zamani, siitaki hii."

Kwenye kompyuta haikuwepo, ilikwishafutwa. Lakini Mzee Flashi hakuwahi kuamini kompyuta hata siku moja. Kadi za kamera hakuzifuta. Kila kadi ikijaa aliitia kwenye kopo la biskuti, akaandika mwezi juu ya kifuniko na kununua nyingine, na Brashi alikuwa anamcheka kwa hilo. Akateremsha kopo la mwezi uliopita, akampa Brashi kadi, na Brashi akaichomeka.

Akamtafuta karani. Akampata: shati lilelile, tarehe ileile, mkao uleule. Ila shingo ilikuwa imejaa vipele.

"Siyo hii," alisema karani akichungulia juu ya kiambaza.

"Ndiyo hii, baba. Ndivyo ilivyotoka kwenye kamera," alisema Brashi polepole. Aliitazama picha ya karatasi kaunta, safi, na ile ya kwenye skrini, yenye vipele. Hakukumbuka kuisafisha. Shingo kama ile ingemchukua robo saa, angekumbuka tu.

Hapo ndipo kitu kikamgonga kichwani. Wiki ya nne! Wanafunzi mia nne wa sekondari, picha za vitambulisho, zinatakiwa kwa siku mbili, na kila uso una chunusi zake za ujana. Mkono ulikuwa unamuuma. Basi akaikwepa sheria ya mzee: akaielekeza kompyuta kwamba kila picha inayoingia, iitafutie madoa na kuyalainisha yenyewe, kabla hata haijafunguka kwenye skrini. Wanafunzi wakapita wote mia nne. Kazi ikakabidhiwa, akapongezwa, na ule mpangilio akausahau palepale. Kompyuta, mtumwa mwaminifu, iliendelea kulainisha kila mtu aliyepita mlangoni kwa zaidi ya miezi miwili, mpaka Ijumaa ilipokufa na kila kitu kikafutwa.

Kila mtu. Pamoja na yeye mwenyewe.

Akapekua kadi ileile mpaka Jumatatu ya wiki ya nane, ile aliyomkimbizia mama yake jikoni. Ikafunguka. Siyo ganda la yai hata kidogo! Kidevu chekundu, mashavu mawili yamevimba, paji la uso limejaa, hesabu usiimalize.

"Mzee," aliita, "naomba makopo yote tangu nilipoanza dawa."

"Na nakala zangu?" alisema karani.

"Nakufanyia sasa hivi, baba, tena kwa mkono, kaa hapo unywe maji."

Akampa karani ujana wake nakala sita, akamuaga, na kisha akazipanga Jumatatu zake zote kumi na tano kwenye skrini, zilivyotoka kwenye kamera, bila kuguswa. Mzee akaja na goti lake, akasimama nyuma ya kiti. Wiki ya tatu, balaa. Wiki ya sita, balaa lililopungua. Wiki ya nane, mashavu bado. Wiki ya kumi na moja, shavu la kushoto limepoa. Wiki ya kumi na tatu, paji la uso limeanza kupitika. Na ile ya mwisho, ya juzi, ile iliyomliza: chunusi sita kidevuni na nne chini ya taya, mashavu hayana uvimbe, yana alama tu. Katika zote kumi na tano, ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Dawa haikuacha kufanya kazi hata wiki moja. Ilikuwa inachapa kazi polepole, kama daktari alivyosema, na yeye alikuwa anaishindanisha na uso aliouchora mwenyewe.

Brashi akacheka, akalia, akacheka tena, pua ikimtiririka. "Nimejidanganya mimi mwenyewe, mzee! Kwa mkono wangu!"

"Na wateja wangu umewadanganya wote," alisema Mzee Flashi, akijitahidi kuwa mkali. "Mabaka, makovu, wenyeji wote umewafukuza. Ndiyo maana mama mmoja alikataa kuchukua picha ya mumewe, anasema huyu si yeye." Kisha akamkabidhi kitambaa cha kufutia lenzi ajifute machozi, kitu ambacho hakuwahi kumruhusu mtu. "Jumamosi je?"

"Usimpigie wa ng'ambo."

Njiani kwenda nyumbani akamwandikia mama wa vipodozi: kopo mpe mwingine, mimi sihitaji. Kisha akafuta na kuandika upya: usimpe mtu. Nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya taka. Ilikuwa tupu, imeoshwa, imeinamishwa ukutani.

"Unatafuta hii?" alisema mama yake kutoka kwenye cherehani, bila kugeuka. Tyubu ilikuwa ndani ya kikombe cha vijiko. "Ndani ya nyumba yangu kitu kizima hakitupwi. Nikasema akikasirika atapoa, akipoa ataitafuta."

"Mama, kwa nini hukuniambia? Ile siku ya picha uliona kabisa uso hauko vile."

Mama yake akasimamisha cherehani. "Niliona. Nikadhani simu yako ina huruma. Nikaona umefurahi, mwanangu, miaka kumi sijakuona umefurahi vile. Ulitaka nikuvunje moyo na mwiko mkononi?"

Brashi akamkumbatia kwa nyuma mpaka pini za kwenye nguo zikamchoma.

Alhamisi alikwenda kwa daktari na picha kumi na tano kwenye simu, zisizoguswa. Daktari alimkemea kwanza dakika tano kwa kutorudi mwezi wa tatu. Akazitazama picha moja moja, akipitisha kidole, na sauti ikapungua ukali.

"Hii inakwenda vizuri," akasema. "Ningefurahi wagonjwa wangu wote waniletee hivi. Ingekuwa imekwama kweli, tungebadilisha, dawa ziko nyingine. Sasa hivi sibadilishi kitu. Kidevu ndicho mkaidi, hata kwa wengine. Tuipe miezi mingine mitatu. Alama zitafifia zenyewe, ila jua ulikwepe. Na ukishtuka tena, njoo kwangu kabla hujaenda kwenye ndoo."

"Mama ndiye aliyekwambia habari ya ndoo?"

"Mama yako alinipigia simu Jumanne," alisema daktari.

Jumamosi Brashi alivaa shati aliloshonewa, kofia yenye ukingo mpana, na kamera mbili shingoni. Saa tatu kasoro alisimama kwenye uwanja wa chuo mbele ya majoho sitini na wazazi wasiosikia. Dakika ya kwanza sauti haikutoka. Ya pili ikatoka nyembamba, hakuna aliyegeuka. Ya tatu akapiga moyo konde na kupaza: "Wauguzi! Warefu nyuma, wafupi mbele, na wazazi mnaopenda kukaa katikati, tafadhalini, wahitimu ni hawa!" Watu wakaangua kicheko, wakapangika. Hakuna aliyemtazama chunusi. Walitazama lenzi, kila mtu akihangaika na uso wake mwenyewe.

Msichana mmoja mhitimu alimvuta pembeni. Paji lake la uso lilikuwa limeota vipele vibichi. "Dada, utanitolea hivi? Vimekuja wiki hii tu, vya wasiwasi wa mahafali."

"Wageni hao, nitawatoa," alisema Brashi. "Nami ninao, unawaona?"

Msichana akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kumbe," akasema, na akacheka, na picha yake ikatoka nzuri kuliko zote za siku ile.

Mwishoni wahitimu wakapiga kelele, "Mpiga picha naye aingie!" Brashi akakataa, wakamshika mkono. Akaiweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akabonyeza ijipige, akakimbia na kusimama pembeni ya mstari wa mbele, kofia ikamdondoka njiani asiiokote.

Jumatatu, baada ya taa kupimwa, aliifungua picha hiyo kwenye skrini na kuikuza. Akapita sura moja moja na brashi yake, akiwatoa wageni, akiwaacha wenyeji. Akafika mwisho wa mstari wa mbele. Msichana bila kofia, jua usoni, anahema kwa mbio, meno yote nje. Chunusi tano kidevuni, na mbili chini ya taya.

Juma lililopita zilikuwa kumi. Akazihesabu mara ya pili ili ahakikishe.

"Hao ni wageni," alisema Mzee Flashi nyuma yake. "Sheria inaruhusu kuwatoa."

"Najua, mzee," alisema Brashi. Akaweka brashi chini, akaichapa picha vile vile ilivyo, akatoka nyuma ya kiambaza na kwenda kuibandika ukutani, pale kando ya kioo cha wateja. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshafika hapo, akageuka akajitazama.